Nina wiki tano kwenye ejensi ya matangazo na kila ninachoandika kinarudishwa, niache kazi?

SWALI: Shikamoo dada. Mie naishi Makorora hapa Tanga, nimemaliza diploma ya uandishi wa habari mwaka jana, na sasa niko wiki ya tano kwenye ejensi moja ya matangazo mjini, nimeajiriwa kama kopiraita, yaani mwandishi wa maneno ya matangazo. Tuko watu wanane tu. Siku ya kwanza nilioneshwa meza nikapewa paswedi ya waifai, basi, tangu hapo hakuna aliyenikalisha chini. Wanaongea brifu, prufu, trafiki, mie naitikia tu. Kazi yenyewe napewa kwa mdomo au kwa vois noti ya WhatsApp. Kila ninachoandika kinarudi, na wiki iliyopita tangazo langu la redio la mtindi waliliandika upya lote, nikalisikia hewani nikiwa kwenye daladala. Bosi muda mwingi yuko Dar. Natoka saa mbili usiku karibu kila siku na probesheni yangu, yaani muda wa majaribio, ni miezi mitatu. Nimekutumia skripti zote mbili, yangu na ile iliyoruka. Je niache mapema kabla hawajaniacha wao? Na je nikope ninunue laptopu yangu, maana ya ofisini tunagombania?

JIBU: Marahaba mdogo wangu.

Usiache. Nalijibu hilo kwanza ili haya mengine uyasome umetulia. Wiki tano kwenye ejensi hazimpimi mtu, na kwa swali lako lilivyokaa, halina maneno ya kujaza nafasi, kuandika unaweza. Tatizo lako liko kwengine. Wahenga wanasema mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, sasa wewe jembe umepewa siku ya kwanza asubuhi ila shamba hakuna aliyekuonesha, na ejensi nyingi ndo zinavyowakwaza watu wapya, zile kubwa za Dar na hizi zetu ndogo za hapa Tanga ni yaleyale tu.

Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Meryl Reis Louis, mwaka 1980 aliandika kuhusu watu wanaoingia kazi mpya, na jambo alilolikazia ni mshangao. Mgeni anakuja na picha yake kichwani, anakutana na kitu kingine, na kwa kuwa hajui historia ya pale wala hana mtu wa kumfafanulia, basi anayaelewa mambo kwa kipimo cha kule alikotoka. Sasa we umetoka chuo. Chuoni kazi ikirudi na wino mwekundu maana yake umekosa na maksi zimeondoka. Ejensi kazi ikirudi maana yake bado iko njiani, haijafika, na itarudi tena hata ukiwa na miaka ishirini kazini, mie mpaka leo za kwangu zinarudi na kuna za juzi zimerudi mara nne kwa sababu mke wa mteja hakuipenda rangi. Hao wenzako wanajua hilo kiasi kwamba hawakumbuki tena kama kuna siku hawakulijua, ndo maana hakuna aliyekwambia. Wanaona umetulia unaitikia, wanadhani umeelewa.

Sasa shamba lenyewe. Ukienda ejensi kubwa Dar utakuta kila kitu kina mwenyewe. Kuna watu wa akaunti, hawa hawashiki hela kama jina linavyodanganya, hawa ndo wanaokaa na mteja, wanapokea maagizo yake na hasira zake. Kuna watu wa stratejia, wanaofikiria tuseme nini na kwa nani, fani iliyoanzia London mwaka 1968 kwa Stephen King pale ejensi ya JWT na Stanley Pollitt kwenye ejensi nyingine. Kuna kriyetivu, ndo nyie makopiraita na madizaina. Kuna midia, wanaonunua muda wa redio na nafasi za mabango. Na kuna trafiki, ambaye kutwa anazunguka meza kwa meza kuuliza ile kazi imefika wapi, inatoka saa ngapi, nani kaishikilia. Nyie mko wanane kwa hiyo kila mtu kavaa kofia mbili tatu. Yule dada anayepokea simu na kuandika kotesheni, yaani karatasi ya bei, ndo akaunti yenu, na nina uhakika ndo trafiki pia maana lazima kuna mtu anayewapigia kelele, na yule kijana wa grafiki ndo prodaksheni, anahariri video, anaenda kusimamia bango likifungwa. Ukishajua nani kavaa kofia gani nusu ya maneno yanayokuchanganya yanaisha yenyewe.

Ninachotaka ufanye wiki hii ni hiki: chukua kazi moja, ndogo tu, uifuate toka simu inapoita mpaka hela inapoingia, hata kama wewe umeandika sentensi moja tu ndani yake. Tuseme duka la vifaa vya ujenzi la Ngamiani linafungua tawi Kange, wanataka bango, vipeperushi, na gari la matangazo lizunguke mjini siku mbili. Simu imekuja, dada wa akaunti ameandika wanachotaka, hiyo ndo brifu hata kama iko nyuma ya bahasha. Ametengeneza kotesheni, mteja kalalamika bei, wamepunguza, mteja kakubali kwa maandishi. Hapo ndo wewe unaingia, unaandika maneno. Dizaina anayapanga na picha, inatoka prufu, yaani sampuli ya kumwonesha mteja kabla ya kuchapa. Mteja anarudisha, logo iwe kubwa. Inarudi, namba ya simu iwe juu. Inarudi, shemeji yake kasema nyekundu izidi. Anasaini. Faili linaenda kuchapwa, na kama linachapwa Dar bango linakuja na basi, mtu anaenda kulipokea stendi Kange. Kuna kibali cha halmashauri, kuna dereva wa gari la matangazo na spika zake, kuna picha zinapigwa kuonesha kazi imefanyika, afu invoisi, yaani karatasi ya kudai malipo, afu kusubiri. Kusubiri huko ndo kurefu kuliko vyote, mteja anaweza kulipa mwezi wa pili au wa tatu wakati mchapaji na redio wameshataka hela yao mapema. Ukiliona hilo kwa macho yako utaelewa kwa nini bosi yuko Dar na kwa nini akija ana uso ule, mara nyingi hana neno na wewe kabisa, anawaza invoisi ya mtu.

Na utagundua kwenye safari yote hiyo maneno yako yamepita mikononi mwa watu watano sita, kila mmoja ana haki ya kuyagusa. Tangazo halina mwandishi mmoja, hata ukiliandika peke yako.

Tuje kwenye brifu maana hapa ndo nakuona unapoteza nguvu. Unasema unapewa kazi kwa mdomo, au vois noti ya WhatsApp ya sekunde arobaini, "tuandikie kitu cha mtindi cha redio, chap." Unaandika. Inarudi. Bila shaka itarudi, umeandika ukiwa gizani! Kopiraita mzoefu akipata vois noti kama hiyo haandiki hata mstari, anauliza kwanza. Nani atalisikia hili, mama wa nyumbani, mwanafunzi, mwenye mgahawa? Sasa hivi anakunywa nini badala ya huu mtindi? Tukimwambia jambo moja tu akalikumbuka, iwe lipi? Linaruka wapi na kwa sekunde ngapi? Nani anasema ndiyo ya mwisho, afisa masoko au mwenye kampuni? Lini linatakiwa, na je hiyo lini ni lini kweli au ni lini ya kutishia? Hili la mwisho uliulize kwa adabu lakini uliulize.

Halafu kuna kitu kidogo ambacho kimenisaidia kuliko semina zote nilizowahi kukaa. Ukishauliza ukajibiwa, unaandika meseji moja fupi unamrudishia aliyekupa kazi. Mfano: "Dada, nimeelewa hivi: mtindi, redio sekunde 30, tunaongea na kina mama wa mjini, jambo kubwa ni punguzo la mia tano mpaka Jumamosi, anayepitisha ni afisa masoko, nakuletea kesho saa nne. Niko sawa?" Basi. Kama uko sawa atajibu kidole gumba. Kama hauko sawa atakurekebisha sasa hivi kabla hujatoa jasho, na kama mteja atabadilisha mawazo kesho kutwa, ambayo atabadilisha tu, kuna maandishi yanaonesha ulichoambiwa. Fanya hivo kwa kila kazi mpaka wakuzoee. Kuna mtu atakucheka wiki ya kwanza, mwache acheke.

Sasa hizo skripti zako mbili. Nimezisoma zote kwa sauti, na saa mkononi. Yako inaanza hivi:

"Je, umechoka kunywa mtindi usio na ubora? Je, unatafuta mtindi wenye ladha ya kipekee kwa ajili yako na familia yako? Sasa suluhisho limepatikana! Kampuni inayoongoza katika uzalishaji wa bidhaa bora za maziwa zinazopatikana kote mkoani Tanga inakuletea..."

Na iliyoruka inaanza na mlio wa bajaji inasimama, afu:

"— Shoga, mbona mbio?
— Nawahi mtindi, kila kopo wametoa mia tano!
— Mpaka lini?
— Jumamosi tu, ndo kwisha.
— Nipishe na mie nipande!"

Naomba usinielewe vibaya, hiyo ya pili nayo si ya ajabu, mashoga wawili wanakutana njiani ni mtindo uliochoka na mie ningetafuta mlango mwingine. Lakini angalia kilichotokea. Yako nzima ina maneno zaidi ya mia moja. Kwa sekunde 30 mie siruhusu yazidi sitini hivi, kwa sababu vitenzi vyetu vya Kiswahili ni virefu, "zinazopatikana" peke yake inameza nafasi ya maneno matatu mafupi, na ukizidisha msomaji anakimbia kama anayetangaza mnada na hakuna anayeshika kitu. Jina la mtindi kwako linakuja tangazo limeshafika zaidi ya nusu. Punguzo liko mwisho kabisa, na siku ya mwisho ya punguzo hukuitaja. Na ile "je umechoka", mdogo wangu, hakuna mama Makorora aliyechoka kunywa mtindi usio na ubora, hilo tatizo umemtungia wewe. Yeye ana mia tano anayotaka kuiokoa. Ile ya pili imemkuta hapo hapo alipo, bajaji, haraka, shoga yake. Ungejua mapema kwamba jambo kubwa ni mia tano na Jumamosi na wewe ungefika hapo, maana sauti za watu wa Tanga unazo, umezaliwa nazo, ila ulipokaa kuandika tangazo ukaziweka pembeni ukachukua sauti ya tangazo. Karibu kila kopiraita mpya anafanya hivo. Siku ukiiacha sauti hiyo, na utaiacha haraka tu, utaona kazi zinarudi na wino mchache.

Zoezi lake ni rahisi. Kaa soko la Ngamiani nusu saa usinunue kitu, sikiliza tu wauza mbogamboga wanavyoita wateja. Halafu skripti yoyote kabla hujaituma isome kwa sauti, simu ikihesabu sekunde, umesimama. Kwa mabango fanya kipimo kingine, pita nayo barabarani: mtu yuko kwenye basi linaingia mjini kutokea Pongwe, ana sekunde chache tu za kulitazama bango lako, akiweza kusoma maneno sita saba ni bahati, kwa hiyo aya yako ya maneno thelathini pale juu ni mapambo tu.

Kuhusu kutokuambiwa kwamba limeandikwa upya, hapo walikukosea kidogo, na una haki ya kuumia. Kumsikilizisha mtu kazi yake kwenye daladala sio vizuri. Lakini usiende na uso wa kesi. Nenda kwa aliyeiandika, nadhani ni yule kaka mkubwa uliyemtaja kwenye ujumbe wako mwingine, mwambie "kaka ile ya mtindi nimeisikia, hongera, hivi mlikuwa mnatafuta nini ambacho yangu haikuwa nacho?" Ukimuuliza "kwa nini mlibadilisha" utamfanya ajitetee. Ukimuuliza alikuwa anatafuta nini atakufundisha dakika kumi bila kujua anafundisha, na mwishoni mwombe, "ikitokea tena nishtue tu nikae pembeni niangalie unavyobadilisha". Wengi hawakatai. Mtu anapenda kutazamwa akifanya anachokiweza.

Kaa pia na dizaina, namaanisha vuta kiti kabisa. Bill Bernbach, mmoja wa waanzilishi wa ejensi ya DDB pale New York mwaka 1949, anatajwa sana kwa jambo hili la kumweka mwandishi na mtu wa picha pamoja, maana kabla ya hapo mwandishi alimaliza maneno yake yakapelekwa chumba kingine yakatafutiwe picha. Leo hilo ni la kawaida duniani kote ila ejensi ndogo zetu zimerudi kule kwa sababu ya laptopu na hedifoni, kila mtu kona yake anatuma faili kwenye grupu. Ukikaa naye utaona maneno yako yanavyomsumbua, kichwa cha habari kirefu kinavyomlazimisha apunguze picha, na yeye ataanza kukwambia "hebu toa neno hili" na mara nyingi atakuwa na haki.

Najua unachoogopa. Kuna makala ya Vernon Miller na Fredric Jablin ya mwaka 1991 iliyoeleza jinsi wafanyakazi wapya wanavyotafuta habari kazini, na walisema kwamba mtu akiona kuuliza waziwazi kutamwaibisha anaanza kuzunguka: anachungulia, anauliza kwa mafumbo, anamuuliza mtu mwingine, anajifanya kupiga soga kumbe anachimba. Sisi watu wa mwambao hapo ndo kwetu kabisa! Mtu mkubwa humwingilii, humkatizi, unangoja akumbuke mwenyewe. Heshima hiyo usiiache, lakini ejensi ukingoja ukumbukwe utangoja mpaka probesheni iishe. Dawa yake ni kuomba miadi ndani ya ofisi: yaweke maswali yako pamoja, kisha "samahani kaka, nina maswali matatu ya dakika tano, nikujie saa ngapi?" Hujamkatiza, hujamdharau, na atajua umejipanga. Na uulize sasa. Miezi miwili mitatu ya mwanzo mtu mpya anasamehewa swali lolote, hata la prufu ni nini. Ukija kuliuliza mwezi wa nane watatazamana.

Dereva na yule anayefunga mabango wasalimie vizuri kila siku, wanajua wateja gani wagumu na gani wanalipa. Bosi wa Dar mtumie meseji kila Ijumaa jioni, mistari mitatu tu, nimefanya hiki, nimejifunza hiki, wiki ijayo nina hiki. Usimlalamikie humo. Akija Tanga atakuwa anakujua.

Saa mbili usiku sasa. Hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu kwenye hii kazi yetu watu wanajisifia kukesha kama vile ni kipaji. Kuna siku dedilaini inabana kweli, kampeni inaanza kesho, hiyo kila ejensi ipo na utakaa na utakula chipsi za ofisi na mtacheka. Lakini kila siku? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, ovataimu ni kwa makubaliano na isizidi saa 50 ndani ya wiki nne, na inalipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa saa hiyo. Sikwambii uibebe sheria ukaipige mezani wiki ya tano. Nakwambia uijue, halafu ujiulize ukweli: unakaa mpaka saa mbili kwa sababu kazi ipo, au kwa sababu unaandika mara tatu kitu ambacho ungeuliza asubuhi ungeandika mara moja, au unaona aibu kuondoka wengine wamekaa? Kwa ulivyoeleza naona ya pili na ya tatu zimo. Na ukiwa binti kurudi Makorora usiku, mwambie dada wa akaunti wazi kwamba siku za kuchelewa ofisi ikutafutie usafiri. Hilo ni ombi la kawaida kabisa, wala usilione deko.

Mkataba uwe nao kwa maandishi, uonyeshe cheo, mshahara, saa na muda wa probesheni. Angalia kama mchango wako wa NSSF unapelekwa, ni asilimia 20 ya mshahara kwa jumla, na wewe huwezi kukatwa zaidi ya 10. Halafu ujue na upande wa pili: kwa sheria hiyohiyo mtu ambaye hajafikisha miezi sita kwa mwajiri hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo haki, kwa hiyo probesheni yako ni kitu halisi na kukaa kimya hakukulindi. Usingoje mwezi wa tatu ndo usikie hukumu. Wiki ya sita, yaani wiki ijayo, omba kukaa na bosi au yeyote anayemwakilisha robo saa, uliza mambo mawili tu: nini nafanya vizuri niendelee nacho, na nini mnataka kuona kimebadilika kabla ya miezi mitatu. Andika majibu. Ukitoka hapo mtumie kwa meseji kama ulivyofanya brifu.

Yapo makosa yanayorudishwa na yapo yanayokufukuzisha, na mpya hajui kuyatofautisha. Kichwa cha habari kibaya kinarudishwa tu. Namba ya simu iliyokosewa kwenye vipeperushi elfu tano imeshachapwa, hiyo ni hela. Kwa hiyo namba, bei, tarehe na majina ya watu usisome peke yako, msomee mwenzako kwa sauti tarakimu moja moja yeye akiangalia kwenye karatasi ya mteja, kila mara, hata kama ni saa kumi na mbili na mchapaji anapiga simu. Picha za kuokota intaneti usitie. Picha ya mtu umempiga pale Raskazone anaogelea usitie bila ridhaa yake, siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na muziki, hapa Tanga ndo mtihani wenyewe, mji wa taarabu huu, mteja atakwambia tia kile kipande cha wimbo wa zamani kila mtu anaujua. Wimbo kuwa wa zamani hakuufanyi wa bure, haki ya mtunzi inaendelea miaka 50 baada ya kufariki kwake, kwa hiyo unamwambia dada wa akaunti aulizie COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na wenye wimbo kabla hamjarekodi.

Na status! Usiposti kazi ya mteja kabla haijatoka, hata kipande, hata kwa furaha. Mji huu mdogo, mshindani wake ana binamu yako kwenye simu, kesho wanakutana harusini Chumbageni na kampeni imeshajulikana. Nimeona ejensi ikipoteza mteja kwa hilo, na hata kama ni wewe mpya hawatakuonea huruma.

Sasa lini uache kweli? Mshahara ukichelewa mara kwa mara bila maelezo. Mkataba ukizungushwa. Ukitukanwa au mtu akikushika shika, hapo usingoje hata kesho, mwambie bosi kwa maandishi na kama ni yeye mwenyewe ondoka ukatafute msaada. Au umefanya haya yote niliyosema, umeuliza, umeomba tathmini, na miezi mitatu imeisha hakuna aliyekujibu kitu. Mengine yote ni kazi ya ejensi ilivyo. Kuna watu haiwafai na si aibu, mtu anayetaka alichoandika kibaki kama kilivyo bora aende kwenye gazeti au akaandike vitabu, lakini hilo utalijua ukishaiona kazi yote, sio sasa.

Laptopu: usikope. Kwanza kifaa cha kazi ni jukumu la mwajiri, na ukileta yako wataizoea, ikiharibika ni yako, afu mafaili ya mteja yatabaki kwako siku ukiondoka na hiyo ni kesi nyingine. Pili, wewe ni kopiraita, unaandika maneno sitini. Nunua daftari la mistari dukani kwa mhindi pale barabara ya kumi na mbili au popote, andika kwa mkono asubuhi wakati dizaina kaikalia laptopu, yeye akienda kula saa saba we unaichapa dakika kumi na tano. Ikishindikana, omba muwekeane zamu ibandikwe ukutani, na wewe ndo uiandike hiyo zamu, uwe na kitu cha kwanza ofisini ambacho hakijarudishwa.